Tisa Nukta Nne

Walituambia tusile kitu tangu saa mbili usiku,
nasi tukala saa mbili kasorobo kama wafungao kesho:
chapati iliyofutikwa jibini na chipsi za pilipili zilizopondwa,
karaki ya maziwa ya kopo, vikombe viwili viwili.
Honi moja tu, na kijana wa dukani analeta mpaka dirishani.
Birkat al-Mauz nzima, nani bado anashuka garini?

Asubuhi, foleni chini ya hema la chuo.
Muhannad, kilo mia na kumi na mbili, ndiye wa kutaniwa:
"Wewe wakikuchoma itatoka samli."
Akacheka naye, akikunja mkono wa dishdasha kwa taabu.
Mimi ng'onda. Mimi winga wa kulia,
mshipa wangu huonekana kabla haujatafutwa.

Siku ya nne simu ikamlilia ng'onda.

"Tisa nukta nne," alisema Daktari Ibtihaj kwa Kiarabu,
kisha akasoma jina la ukoo, akahamia Kiswahili
kama mtu anayerudisha mlango taratibu chumbani kwa mgonjwa:
"Vua viatu."
Sikuelewa. Moyo si uko huku juu?
Akanishika kisigino, akapapasa kano ya nyuma,
akakikuta kile kijiwe.
"Nani mwingine kwenu anacho?"

Baba.
Baba akitawadha Ijumaa, maji yakimteleza mguuni,
nami, mtoto, nikikibonyeza kile kigumu juu ya kisigino.
"Hiyo changarawe ya Unguja," alikuwa akiniambia.
"Iliingia kiatuni siku tuliyoondoka. Sijapata nafasi ya kuitoa."

Baba alifia barabarani, kabla ya kufika Izki,
miaka arubaini na moja. Kioo hakikupasuka.
Gari lilipanda mchanga polepole, kama linaegeshwa,
taa ya kushoto ikakonyeza mpaka betri ikaisha.
Polisi waliandika: usingizi.
Ami Zahran alisema: jicho, gari lilikuwa jipya.
Mama hakusema kitu. Ndiye aliyempigia kumhimiza,
mkate wa kumimina unapoa.
Miaka tisa sasa, nyumbani kwetu hakumiminwi mkate.

Daktari alinionyesha dirishani falaji ya mitende,
ukingo wake ulivyovaa chokaa, ganda juu ya ganda.
"Hakuna aliyeitupia mawe. Maji yenyewe yalikuja nayo kutoka mlimani."
Lehemu ya kula, alisema, ni ya mdomo wako;
hii nyingine ulizaliwa nayo. Jibini limekuongezea tu.
Kidonge kila usiku. Karaki, tutazungumza.
Damu nzito kuliko maji, niliwaza,
na kwa mara ya kwanza methali ikanitia kichefuchefu.

Muhannad alipata nne nukta tatu.
Alinitumia ujumbe, akaufuta,
akatuma mwingine: Tutembee jioni?
Tukatembea mpaka magofu ya matope na kurudi,
yeye akihema, mimi nikisikiliza kifuani mwangu
kama mpangaji anayesikiliza ngazi.

Alhamisi nikaenda nyumbani, Al-Khudh.
"Mama, haukuwa usingizi."
Alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.
"Na simu yangu?"
Daktari alikuwa amesema huenda. Alilirudia mara mbili neno hilo, huenda.
Mimi nikamwambia Mama: "Moyo ulikuwa umeshaamua. Simu haikuwemo."
Akaendelea kuchambua. Punje nzuri nazo akawa anazitupa.

Azza ana miaka kumi na tatu.
Nilimkuta amelala kifudifudi zuliani, daftari mbele, miguu hewani.
Nikaudaka mmoja.
"Unanitekenya!"
Tulia kidogo, nikasema,
na kidole changu gumba kikashuka kwenye kano, polepole,
yeye akicheka,
nami nikiutafuta ulaini kwa jina la Mungu.